Meza ya Mama pale Kengele Tatu

Denroyd, Yorkshire
12 Januari 1997

Mdogo wangu Clive,

Pokea salamu zetu sote, wewe na Linda na Joanne. Sisi hatujambo, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa hajambo mwezi wa Januari. Theluji ilitupendeza siku mbili, kisha ikageuka tope kama kawaida yake. Kifua cha mume wangu Neville bado kinakoroma, lakini ukimtajia daktari anajifanya kiziwi, anatoka zake bustanini kutazama liki zake, vile vitunguu virefu vya mashindano. Binti yetu Gillian amejifungua mtoto wa kiume, mnene ajabu, wamemwita Adam. Baba yake anaogopa kumshika, anamtazama kwa mbali kama vile amewekewa bomu kitandani.

Ninakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu iko sebuleni, na Neville naye yuko sebuleni.

Mama anatimiza miaka themanini tarehe kumi na nane Mei, nayo imeangukia Jumapili. Nilimwuliza anataka tumfanyie nini. Nilikuwa nimeshafikiria shali, au picha ya familia kwenye fremu nzuri. Akasema hataki shali. Anataka chakula cha Jumapili pale baa ya Kengele Tatu, mimi upande huu wake na wewe upande wa pili. Kisha akaendelea kumenya viazi, na mimi chai ikanipalia.

Unajua tangu Baba afariki Mama hajaacha kwenda pale Jumapili, meza ileile karibu na moto. Brenda anapika, mumewe Ray anasimama kaunta na kisu chake anakata nyama, na kile kipande cha mwisho kilichokaushwa na moto ni cha Mama, kwa kuwa ndiye mkubwa wa wote mle ndani. Watu wanampenda. Wanamwulizia goti lake, wanamwulizia Gillian. Wewe hawakuulizii. Mama hujibu hata pasipo kuulizwa kwamba watoto wake ni wawili.

Mimi huwaambia wanaotaka kusikia kwamba mwaka ule wa mgomo wa wachimba makaa Linda alikuwa na mimba kubwa na nyumba yenu haina moto, ndiyo maana ukarudi kazini kabla ya wenzako. Wengine wananiitikia kwa kichwa. Wengine wanaanza kuzungumzia mvua.

Njoo, Clive. Mama hajawahi kukuomba kitu.

Dada yako,
Noreen


Saskatchewan, Kanada
9 Februari 1997

Dada Noreen,

Barua yako ilifika, ikakaa juu ya friji siku kadhaa kabla sijaifungua. Linda alinicheka, akasema barua haiumi. Sisi wazima. Baridi ya huku ni ile ya kukugandisha nywele za puani, ila chini mgodini kuna joto, na chumvi ya mbolea tunayochimba ni safi kuliko makaa, mtu harudi nyumbani mweusi. Joanne ana miaka kumi na miwili sasa na amevunja jino akicheza hoki ya barafuni. Linda anajaribu kupika pudingi yetu, ile ya unga na mayai ya kulia mchuzi, kila Jumapili na kila Jumapili haiumuki. Analaumu jiko. Mwambie Gillian hongera.

Sasa hilo jambo. Nitamchukua Mama popote anapotaka. York kuna hoteli yenye vitambaa vyeupe mezani, nitalipa mimi, tukae sote alasiri nzima. Au nile kwako, au kwake. Lakini Kengele Tatu siingii.

Wewe ulikuwa jikoni unamsaidia Brenda siku ile, kwa hiyo uliona nusu tu. Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi. Nilikuwa nimerudi shimoni wiki chache, tunapitishwa getini ndani ya basi lenye nyavu madirishani, polisi huku na huku, na watu niliosoma nao wanatuita wasaliti. Nikaenda kula na Mama kama Jumapili yoyote, kwa ujinga wangu. Pudingi ililetwa kwanza na mchuzi wake, kabla ya nyama, kama inavyoletwa siku zote. Nilipoinua uma, hakuna aliyenitukana. Waliinuka tu, wakageuza viti, wakaketi tena wamenipa mgongo, baa nzima. Nilikula nikitazama makoti ya watu. Mama alikuwa ameshika uma wake lakini hali. Nyama hatukuingoja.

Na tafadhali usinitetee kwa habari ya mimba na moto. Nyumba ya Neville haikuwa na moto vilevile. Nyumba zote za mtaa ule hazikuwa na moto, na wenyewe hawakurudi.

Neville anasemaje?

Mdogo wako,
Clive


Denroyd
2 Machi 1997

Clive mdogo wangu,

Tunashukuru Mungu kwa uzima. Pole ya jino la Joanne. Mwambie Linda aache mafuta yachemke mpaka yatoe moshi ndipo amimine unga wake, na asifungue mlango wa jiko kuchungulia, maana najua anachungulia. Adam anakua, ana sauti ya mnadi samaki.

Nilimpelekea Mama habari ya hoteli. Alinitazama kama nimemtukana. Akasema nyumbani ameshakula nawe, siku ile ulipokuja kumuaga kwa mlango wa nyuma, ukanywa chai umesimama na koti mwilini. Akasema hotelini kila mtu ni mgeni, ukikaa na mwanao hakuna anayejua kama ni mwanao au ni wakili wako. Halafu akasema hivi, nakuandikia kama alivyotamka: "Nataka nile naye mbele za watu wanaotujua."

Wewe unadhani kijiji kimebaki vile ulivyokiacha. Mgodi umefungwa, pale juu sasa kuna ghala la viatu, na vijana wanapanda kule kupakia maboksi. Ungesema na maneno yangefungwa pamoja na shimo. Wapi. Dougie Marsden bado anavuka barabara akimwona Ted Oldroyd, na Ted alirudi kazini wiki moja tu kabla ya mgomo kwisha. Wanakutana hospitali, wote wawili wanapumua kwa shida, na hawasalimiani.

Nilizungumza na Brenda. Alikuwa anafuta glasi, hakuacha kufuta. Akasema yeye kazi yake ni kupika, atakayeketi atamlisha, ila hawezi kumfunga mtu kitini. Nadhani ni jibu la haki.

Neville hajambo. Liki zake zinaendelea vizuri, anategemea maonyesho ya Septemba.

Mama anachoka kidogo siku hizi. Ni hali ya hewa tu.

Dada yako,
Noreen


Saskatchewan
23 Machi 1997

Dada,

Huku wote wazima. Linda alichemsha mafuta mpaka king'ora cha moshi kikalia, na pudingi ikaumuka. Joanne alidhani imeharibika.

Nilikuuliza Neville anasemaje, ukanijibu habari za liki. Wewe ni dada yangu, najua ukikwepa. Basi nitasema mimi. Siku ile mtu wa kwanza kuinuka na kugeuza kiti alikuwa Neville. Wengine walimfuata yeye, kwa sababu ni shemeji yangu, na kama shemeji amenipa mgongo wao ni nani wasinipe. Nilikuwa msimamizi kwenye harusi yenu, Noreen. Nilimshikia pete.

Simlaumu. Alikuwa na haki yake. Lakini siwezi kuvuka bahari nikaketi meza moja naye huku anatazama ukuta. Akitaka nije, aseme mwenyewe. Asiposema, mpe Mama shali.

Clive


Denroyd
20 Aprili 1997

Clive,

Nisamehe kwa kuchelewa. Natumaini hamjambo. Hapa si pazuri sana, na sasa nitakueleza wazi, maana nilikuficha. Mama alilazwa wiki mbili kwa ajili ya moyo. Si hali ya hewa. Alikuwa anaishiwa pumzi tangu Krismasi na akanikataza kukuandikia habari hiyo, akasema usije kwa huruma ya ugonjwa, uje kwa chakula. Amerudi nyumbani sasa, amekonda, anagombana na nesi. Daktari aliniita pembeni akasema tusitegemee Krismasi nyingine.

Barua yako nilimsomea Neville. Yote, hata pale pa pete. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe. Nilipomaliza akatoka bustanini bila kofia, na mvua inanyesha. Siku ya pili vilevile, anaingia kula, anatoka. Mimi nikanyamaza. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nikanyamaza mpaka mwenyewe akaniuliza kama ninaumwa.

Jana jioni niliacha karatasi hii mezani nikiwa bado sijaandika neno, nikaenda kumtazama Mama. Niliporudi nilikuta mtu ameandika chini kabisa. Unajua Neville na kalamu, kuandika kwake ni kadi za Krismasi tu. Nimeandika barua yangu hapa juu nikiwa mwangalifu nisifikie maneno yake.

Uje au usije, mimi nakupenda.

Noreen

*Clive. Pudingi inaletwa saa saba kamili. Usichelewe. Neville.*


Saskatchewan
1 Juni 1997

Dada Noreen,

Nimefika salama. Linda na Joanne wameniuliza mpaka nimeishiwa maneno. Nimewaambia Mama alivaa blauzi ya bluu na alikula kila kitu kilichowekwa mbele yake. Joanne anataka mwakani na yeye aje.

Kuna jambo sikukuambia pale, na nimelibeba hadi huku. Nilijua Neville hatakwambia. Unakumbuka ulipomsindikiza Mama msalani, nyama ikiwa ndiyo kwanza imeletwa? Mkarudi mkakuta baa nusu tupu, Mama akauliza watu wamekwenda wapi, na Neville akasema wamewahi kriketi. Mama akasema, "Na mvua hii?" kisha akaketi, akakata viazi vyake. Sote tukala. Ukadhani, nafikiri, kwamba waliondoka kwa sababu waliniona tu.

Hawakuondoka kwa kuniona. Tulipoingia walinyamaza, halafu uma zikaendelea. Niliketi, na viti havikugeuka. Nikaona ya kuwa labda yamekwisha. Nilifurahi, Noreen. Ndipo nikakosea.

Mlipoinuka nikaenda kaunta kununua bia. Na kwa kuwa ni siku ya kuzaliwa ya Mama, mkono ukatangulia kichwa, nikanunua raundi kama ambavyo tungenunua zamani: ya meza yetu, na ya meza ya pili, ile ya Dougie Marsden na jamaa zake. Nilikuwa nimeshalipa ndipo nikatambua nilichofanya. Unajua bia ya mtu ni nini pale. Ukiinywa umesema uko pamoja naye, na kila aliyemo amekusikia. Ningekula chakula changu nikaenda zangu, wangenivumilia kwa ajili ya Mama. Lakini mimi nimewawekea glasi mbele yao na kuwalazimisha wajibu.

Wakajibu. Dougie aliisukuma glasi yake mpaka ukingoni mwa meza, akainuka. Wenzake wakainuka. Halafu meza za nyuma. Sahani zao zilikuwa zinafuka moshi, nyama haijaguswa. Watu waliopanga foleni ya supu mwaka ule wakiwa na watoto mgongoni, wakaacha nyama ya Jumapili mezani kwa sababu yangu. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Dougie akaja akasimama juu ya Neville. Mimi akanipita kana kwamba kiti changu hakina mtu. Akamwonyesha ile glasi iliyokuwa mbele yake, akauliza, "Hiyo kanunua nani?"

Neville akasema, "Unajua aliyenunua."

"Ukiinywa, Neville, mimi na wewe basi."

Wewe unawajua hao wawili kuliko mimi. Miaka mingapi wamefanya kazi bega kwa bega kule chini? Paa la shimo lilipoanguka, si Dougie aliyemtoa Neville amembeba mgongoni? Nilitaka kumwambia Neville aiache. Nilifungua mdomo kabisa. Yeye hakunitazama. Akachukua glasi, akainywa yote bila kupumua, na kifua chake kile, akaiweka chini. Akasema, "Ketini mle, Dougie. Chakula kinapoa." Dougie akatoka. Ndipo ninyi mkarudi.

Alasiri yote Neville hakunisemesha tena. Kituoni hakunipa mkono. Alinibebea sanduku, akaliweka ndani ya behewa, akasimama pale mpaka treni ikaondoka. Sijui hata sasa kama alikuwa ananiaga au anahakikisha nimekwenda.

Nilikuja nikala, nikapanda ndege. Yeye ndiye anayeishi hapo. Niambie ukweli, dada, bila liki. Wamemfanya nini?

Clive


Denroyd
29 Juni 1997

Mdogo wangu Clive,

Salamu kutoka kwetu. Mama anakaa kitako kutwa dirishani na kumkosoa kila anayepita. Adam ana meno mawili na ameshamng'ata babu yake. Mimi niko salama, ila nilipomaliza kusoma barua yako niliketi kwenye ngazi nikaisoma tena.

Ni kweli hakuniambia. Niliona tu mambo, nisijue yanatoka wapi. Jumatano yake ya domino, alikwenda akarudi mapema, akasema idadi imetimia. Wiki iliyofuata hakwenda. Mtu wa duka la magazeti akampa gazeti bila salamu. Dougie, ambaye kila Jumamosi alipita na toroli la samadi ya liki tukiwa bado mezani, hakupita.

Ukweli bila liki ni huu. Jumapili ya kwanza baada ya wewe kuondoka tuliingia Kengele Tatu sisi watatu kama kawaida. Brenda akatuletea pudingi, akaziweka haraka haraka, akarudi jikoni bila kunitazama usoni. Kisha nikasikia kiti kinaburuzwa. Dougie alianza. Wakafuata wengine, kimoja kimoja, mpaka ikawa hakuna sura mle ndani isipokuwa zetu na ya Ray, amesimama kaunta ameshika kisu, hajui akate nyama au asikate.

Clive, ule mlio wa viti siku ile ya kwanza niliusikia nikiwa jikoni. Nilidhani najua ulivyokuwa. Sikujua lolote.

Neville alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alikuwa anatazama mgongo wa Dougie. Aliweka uma chini, na mimi nikashika mkoba wangu, nimeshajiandaa kuinuka. Nilikuwa naona aibu na hasira pamoja, nataka nyumbani kwangu. Basi Mama, ambaye kwa miaka yote niliyoolewa hajamwita mume wangu kwa lolote ila Neville, tena kwa ile sauti ya kumwita fundi bomba, akamsogezea mchuzi. Akasema, si kwa kunong'ona, "Kula, mwanangu."

Yeye mwenyewe akala. Akala pudingi yote, akafuta sahani, akamwuliza Ray kwa nini nyama inachelewa. Ray akaanza kukata.

Tumerudi kila Jumapili. Viti vinageuka, wakati mwingine vyote, wakati mwingine pungufu kidogo. Mke wa Dougie wiki iliyopita alibaki ametuelekea, hakusema kitu, alikuwa anakula tu. Leo asubuhi Mama alikuwa mchovu, nikamwambia Neville tule nyumbani, nitaoka kipande kidogo cha nyama, na ukweli ni kwamba nilitaka kumpumzisha yeye. Alikuwa anafunga tai mbele ya kioo. Akasema tutakwenda. Akasema wewe Clive ulikaa pale na Mama akashindwa kula, hukuwa na mtu wa kula naye, na yeye anao wawili.

Nikamletea koti. Alikuwa ameingiza mkono mmoja ndani ya mkono wa koti, akasimama hivyo, hamalizi.

"Mwambie ndugu yako," akasema, "mimi siku ile nilidhani nageuza kiti tu."

Nimekwambia.

Dada yako akupendaye,
Noreen